Bukavu: Kabla ya kununua ambrayaji kali kwa gari la turbo, angalia kwanza mlima unaoupanda

BUKAVU – Ilikuwa Jumamosi, saa kumi za jioni, kwenye mpando wa kuelekea Kadutu. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Mbele yetu kulikuwa na kamio iliyojaa magunia ya makala, nyuma yetu pikipiki zisizohesabika. Mdogo wangu alikanyaga mafuta, motere ya Subaru yake ikanguruma, mshale wa mizunguko ukapanda hadi 4,000, na gari likabaki pale pale. Kisha ikaja ile harufu ambayo kila shofere wa mji huu anaijua, kama kwato za ng'ombe zimetiwa motoni.

"Yaya, imepatina tena," akaniambia kwa sauti ya chini.

Mama yetu, aliyekuwa amekaa nyuma na kikapu chake cha soko, hakusema kitu. Alifungua mlango, akashuka, akasimamisha pikipiki.

Hiyo ilikuwa ambrayaji ya pili kufa ndani ya miezi saba, bila kuhesabu ile iliyokuja na gari kutoka Japani. Ya kwanza aliinunua kwa pesa za likirimba, zamu aliyoisubiri mwaka mzima: dola 650 zikaondoka siku moja. Ya pili ilikuwa ya bei ndogo, ya okazyo, bila sanduku. Katikati ya hizo mbili kulikuwa na bwate ya vitesi iliyovunjika, dola 400 nyingine. Mimi si fundi. Lakini jioni ile niliamua kuuliza, na kwa muda wa wiki mbili nikazunguka garaji tatu za hapa mjini na kalamu mkononi. Nilichokikuta ni kwamba mdogo wangu hakuwa peke yake. Vijana wengi wanaonunua gari la turbo wanafanya kosa lile lile: wanachagua ambrayaji kwa kuangalia nguvu za motere, tena nguvu za kusimuliwa, wakati kinachoiua ambrayaji hapa kwetu ni joto la kuondoka mlimani na mafuta yanayovuja.

Gari lenyewe

Gari ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003, usukani kuume, lililoshuka kwenye bandari ya Dar es Salaam. Magari haya yana jina kubwa katika sehemu zetu za Afrika tangu siku za mashindano. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya akiwa ndani ya Impreza, na mpaka leo kijana wa Nairobi au Kampala akisikia mngurumo ule anageuza shingo. Huku Bukavu si mengi, lakini yapo, na kila moja lina stori yake ya ambrayaji.

Kwa vipimo vya kiwanda cha Japani, motere hiyo ya lita 2 inatoa nguvu za farasi 250. Kwa mambo ya ambrayaji, hata hivyo, namba ya farasi haisaidii sana. Namba inayohusika ni nguvu ya kuzungusha, ile wanayoiita kuple mafundi waliopita shule. WRX ya Japani ya miaka ile inatoa newtoni-mita 333 ikiwa kwenye mizunguko 3,600. Pale ndipo turbo imeshajaza mapafu, na pale ndipo ambrayaji iliyochoka inajulikana.

Aliyemuuzia mdogo wangu gari alimwambia kwamba presha ya turbo imepandishwa huko Kampala mpaka ba 1.3. Kwa kawaida inakuwa karibu ba 0.9. Yeye alifurahi. Kila aliyetaka kumuuzia piesi alipewa namba hiyo ya 1.3 kwanza, kabla ya salamu karibu, na kila muuzaji aliitikia kwa kichwa na kuleta ambrayaji nzito zaidi.

Inavyoshika, na inavyoachia

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona: ambrayaji, ambayo wauzaji wa Dar es Salaam na Kampala watakutajia kwa jina la klachi, ni vitu vitatu vinavyobanana. Nyuma ya motere kuna volan, gurudumu zito la chuma. Mbele yake kuna disiki, iliyounganishwa na bwate ya vitesi. Nyuma ya disiki kuna plato yenye springi inayoibana disiki kwenye volan. Ukikanyaga pedali, bute inaiondolea plato nguvu, disiki inakuwa huru. Ukiachia, vinabanana tena na gari linaondoka. Hakuna meno wala misumari, ni msuguano tu.

Uwezo wa ambrayaji kushika unatokana na mambo manne: ukali wa msuguano wa disiki, nguvu ya plato kubana, upana wa disiki, na idadi ya nyuso zinazosuguana. Disiki moja ina nyuso mbili. Fundi mmoja mzee, ambaye wateja wake wote wanamwita Papa, alinichukulia kipande cha karatasi ya sigara na kunipigia hesabu juu yake. Disiki ya WRX ina upana wa milimita 230, kwa hiyo katikati ya sehemu inayosugua ni kama milimita 95 kutoka kwenye kitovu. Tuseme plato inabana kwa newtoni 7,000, na tuseme msuguano wa disiki ya kawaida ni 0.3. Zidisha zote, zidisha na nyuso mbili: unapata newtoni-mita 399. Motere inatoa 333. Inatosha, na inabaki.

Halafu akafuta ile 0.3 na kuandika 0.2. Ndivyo disiki hiyo hiyo inavyoweza kuwa ikipata moto kupita kiasi, au ikilowa mafuta. Jibu: 266. Motere ile ile, plato ile ile, na sasa inateleza. Hakuna farasi aliyeongezeka.

Nilimwomba ile karatasi. Bado ninayo.

Pasi tisa za umeme

Bukavu ni mji wa milima, na wakaaji wake hatuhitaji kuambiwa. Lakini sikuwahi kufikiria maana yake kwa disiki. Chukua gari lenye kilo 1,400 kwenye mpando wa asilimia 15. Shofere hataki kutumia freni ya mkono. Analishikilia gari kwa pedali, motere ikiwa kwenye mizunguko 2,000, akisubiri kamio iliyo mbele isogee. Gari limesimama, kwa hiyo nguvu yote inayopita kwenye disiki inageuka joto. Ukipiga hesabu unakuta kama kilowati 9. Ni sawa na kufungia pasi tisa za nguo ndani ya kile kikopo cha chuma, zote zikiwa zimewashwa. Sekunde kumi za kusubiri hivyo zinazalisha joto karibu mara 6 ya lile la kuondoka mara moja mahali tambarare. Na sisi tunasubiri zaidi ya sekunde kumi, hasa siku ya soko.

Turbo inaongeza shida kwa namna ambayo watu hawaifikirii. Motere hii ikiwa chini ya mizunguko 2,500 hivi, turbo bado imelala, na motere ya turbo iliyolala ni dhaifu. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari. Mji wenyewe unapanda kutoka pale. Hewa ya huku ina presha pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam. Kwa hiyo wakati wa kuondoka mlimani gari linakosa pumzi, shofere anakanyaga mafuta zaidi ili lisizime, anaachia pedali nusu nusu, na disiki inalipa.

Hewa hiyo hiyo ilinipa jibu la swali lingine. Papa alifunga saa yake ya presha kwenye gari, tukaenda kwenye sehemu iliyonyooka ya barabara ya Kavumu. Saa ilionyesha ba 1.1, si 1.3. Na saa ya namna ile inapima kuanzia presha ya hewa ya mahali ulipo. Ukijumlisha 1.1 ya turbo na kama 0.85 ya hewa ya Bukavu, unapata 1.95. Gari hilo hilo likiwa vile lilivyotoka kiwandani, pale pwani, 0.9 na 1 ya hewa: 1.9. Maana yake, kwa makadirio, lile gari lililosifiwa kwamba limeongezwa nguvu Kampala, likiwa Bukavu linatoa karibu kuple ile ile ya kiwandani. Labda 340, tuseme 350 kwa sababu bomba la moshi lilibadilishwa.

Mdogo wangu alinyamaza muda mrefu. Alikuwa amenunua ambrayaji iliyoandikwa kuweza zaidi ya 550.

Ile ya likirimba

Sasa turudi kwenye ile ya dola 650. Ilikuwa na disiki ya vipande sita vya kauri iliyochanganywa na metali, kitovu kigumu bila springi, plato nzito, na volan nyepesi. Kwenye uwanja wa mashindano hiyo ni piesi nzuri, tena haina kosa lolote. Kauri inavumilia joto ambalo lingeiharibu disiki ya kawaida, na msuguano wake ni mkali. Ile hesabu ya Papa, ukiweka 0.4 badala ya 0.3, bila hata kugusa plato, inafika 532.

Lakini namna yake ya kushika ni kama mlango unaofungwa na upepo. Imeachia, au imeshika. Katikati hakuna mahali. Kwenye mstari wa kuanzia mashindano dereva anataka hivyo. Kwenye mpando wa Kadutu, na mama kwenye kiti cha nyuma, gari linaruka mara tatu nne ndipo linaondoka, au linazima. Volan nyepesi ilizidisha ubaya, kwa sababu uzito wa volan ndio unaoihifadhi motere isizime wakati wa kuondoka. Wanaopenda volan nyepesi wanasifu jinsi motere inavyopanda haraka, na ni kweli. Ila kule kupanda haraka ni kushuka haraka pia. Mdogo wangu akajifunza kuondoka na mizunguko mingi. Pedali nayo ilikuwa nzito hivi kwamba akiwa kwenye foleni ya Nyawera mguu wa kushoto ulikuwa unatetemeka, nimeona kwa macho yangu.

Kitu ambacho hatukuona ni kilichokuwa kinatokea ndani ya bwate. Zile springi ndogo unazoziona katikati ya disiki ya kawaida zinapokea mshituko kabla haujafika kwenye meno ya vitesi. Disiki yake haikuwa nazo. Bwate ya vitesi tano ya WRX za miaka ile inajulikana duniani kote kwa udhaifu. Wapenzi wa Subaru wanaifananisha na kioo. Ambrayaji ya kawaida inateleza kidogo ukiilazimisha, na kule kuteleza kunaiokoa bwate, kama fiuzi inavyookoa taa za nyumba. Ukiweka ambrayaji isiyoteleza kamwe, fiuzi inahamia kwenye kitu kingine. Mwezi wa nne, vitesi ya tatu ikaanza kulia. Mwezi wa tano, meno mawili yalitoka pamoja na mafuta.

Garaji iliyoifunga, ambayo sitaitaja, ilisema ni bahati mbaya.

Mafuta nyuma ya motere

Baada ya bwate kubadilishwa, hakukuwa na pesa tena. Ikawekwa volan ya zamani na disiki ya okazyo ya aina ya kawaida, ya oganiki. Ilidumu wiki saba, mpaka ile Jumamosi.

Papa alipoishusha bwate, hakuangalia disiki kwanza. Aliingiza kidole nyuma ya volan, akakitoa kikiwa cheusi, akakinusa na kunielekezea. Mafuta ya motere. Nyuma ya volan kuna raba ya kuzuia mafuta inayozunguka mhimili wa motere, na kando yake kuna kifuniko kidogo. Kwenye motere nyingi za Subaru za aina ya EJ, kifuniko hicho kilitoka kiwandani kikiwa cha plastiki. Kinapinda na joto la miaka, na mafuta yanaanza kutoka tone kwa tone. Subaru yenyewe ilikuja kutengeneza cha chuma cha kuweka mahali pake. Ni piesi ya bei ndogo kabisa, lakini ili kuifikia ni lazima ushushe bwate na kutoa volan. Gari hili lilikuwa limeshushwa bwate mara mbili, na mara zote mbili hakuna aliyekibadilisha.

Kwa hiyo inawezekana sana kwamba ile ambrayaji iliyotoka Japani, ya kwanza kabisa kuteleza, iliuawa na mafuta na milima, wala si turbo. Hatutajua, ilishatupwa. Lakini kabla hujanunua kitu cha mamia ya dola, swali la kwanza ni kwa nini ya zamani imeteleza. Angalia chini, pale motere inapokutana na bwate: kama pamelowa, usizungumze ambrayaji kabla ya kuzungumza raba. Kama ni pakavu, fanya jaribio kwenye barabara iliyonyooka na isiyo na watu: vitesi ya nne, mizunguko 2,000, kanyaga mafuta mpaka chini. Mizunguko ikipanda haraka bila mwendo kuongezeka, inapatina. Ukifanya jaribio hilo kwa vitesi ya kwanza hutaona kitu, kwa sababu hapo mzigo kwenye disiki ni mdogo.

Ipi sasa?

Papa hakukubali kutaja ambrayaji yoyote kabla ya kuuliza: nani anaendesha, unaondokea wapi kila asubuhi, na unabeba nani. Mdogo wangu anaishi karibu na sehemu ya juu ya mtaa, anabeba mama na wadogo zetu, na siku za Jumamosi anakodisha gari kwa maarusi, akisogea polepole nyuma ya fanfari. Kwenda mwendo wa mguu nyuma ya fanfari, kwenye mpando, na bibi arusi ndani. Sijui kama kuna mateso makubwa zaidi kwa disiki.

Kanuni aliyotupa ni rahisi: chukua kuple ya kweli ya motere, iliyopimwa na si ya kusimuliwa, ongeza robo. Kwa 350 hiyo inakupeleka karibu 440. Usipite hapo sana. Disiki ya oganiki, duara nzima, yenye springi katikati, pamoja na plato inayobana asilimia 20 zaidi ya ile ya kiwandani, inafika 479 kwa ile hesabu ya karatasi. Pedali inakuwa nzito kidogo, si sana. Kuondoka kunabaki laini. Volan ibaki ile ya uzito wa kiwandani, isawazishwe tu kwenye mashine ya kuchonga chuma ili disiki mpya ipate uso ulionyooka.

Ingekuwa gari linapimwa 450 au 500 kweli, jibu lingebadilika. Hapo watu huenda kwenye disiki za nyuzi za Kevlar, ambazo ni laini na zinadumu, lakini zinahitaji uvumilivu mkubwa mwanzoni. Ukizichoma kabla hazijazoea, hazirudi tena. Au disiki mbili ndani ya plato moja, nyuso nne badala ya mbili, zinazoshika sana bila pedali ya kuvunja goti. Bei yake inaweza kukaribia ya pikipiki. Na mwenye motere ya namna hiyo anapaswa kuzungumza kwanza juu ya bwate. Zile za vitesi sita za STI, zenye ambrayaji ya milimita 240, zilitengenezwa kwa ajili hiyo. Kauri ibaki kwa wanaoshindana, au wanaoishi mahali tambarare na hawambebi mama yao.

Onyo kuhusu maneno ya kwenye masanduku. Utaona imeandikwa steji 1, steji 2, steji 3. Hakuna sheria ya dunia inayosema steji 2 ni nini. Exedy ya Japani, kampuni iliyoitwa zamani Daikin, inaita Steji 1 disiki ya oganiki iliyoimarishwa na Steji 2 ile ya kauri. Kwa mtengenezaji mwingine steji 2 inaweza kuwa kitu tofauti kabisa. Usinunue steji, nunua namba ya kuple na aina ya disiki. Na uulize kama namba hiyo ni ya kwenye motere au ya kwenye magurudumu, kwa sababu kwenye gari linalovuta magurudumu manne nguvu nyingi inapotea njiani, na hizo mbili hazilingani.

Kuhusu piesi bila sanduku, nyingi zinazotufikia zimepita mikono mingi, Dubai, Kampala, Kigali, na safari zenyewe siku hizi si rahisi. Wapo wauzaji waaminifu. Lakini disiki iliyotumika haionyeshi joto iliyopitia, na plato iliyochemka inapoteza nguvu ya springi bila alama unayoweza kuiona kwa macho. Wakati mwingine rangi ya bluu kwenye chuma ndiyo dalili pekee. Kwa piesi hii moja, Papa alisema, heri ungoje miezi miwili upate mpya ya kawaida kuliko kuchukua leo kali iliyotumika.

Jambo la mwisho ni la mikono ya fundi. WRX za miaka hii zina ambrayaji ya kuvuta, si ya kusukuma kama magari mengi tunayoyajua. Bute imeshikana na plato. Kabla ya kuishusha bwate ni lazima ufungue kifuniko kidogo ubavuni na kuvuta mhimili wa ile fushete inayoisogeza bute. Fundi asiyejua hilo atavuta bwate kwa nguvu, itakataa, ataita wasaidizi wawili, na kitu kitavunjika. Njia nzuri ya kumpima fundi kabla ya kumpa gari ni kumuuliza: hii inavuta au inasukuma? Akicheka, mshukuru na uendelee na safari.

Kilomita 800

Ambrayaji mpya ilifungwa siku ya Jumatano, pamoja na raba mpya nyuma ya motere, kile kifuniko cha chuma, bute mpya na rulema ndogo ya katikati ya volan. Presha ya turbo Papa aliirudisha chini kidogo, akasema ni kwa ajili ya bwate. Mdogo wangu alitaka kubisha. Akaangalia yale meno mawili ya vitesi ambayo Papa anayaweka ndani ya kopo la maziwa juu ya dirisha, akanyamaza.

Sharti lililobaki ni la kwake mwenyewe. Kwa kilomita kama 800 za kwanza disiki inahitaji kuzoeana na volan: kuondoka polepole mjini, kubadilisha vitesi mara nyingi, bila kukanyaga mafuta mpaka chini, bila kuamsha turbo. Kwenye mpando ni freni ya mkono, kila mara, hata kama pikipiki za nyuma zinapiga honi. Arusi mbili amezikataa, na moja ilikuwa ya rafiki yake. Kwa kijana mwenye WRX, naambiwa, huo mwezi ni kama mfungo.

Jana jioni nilipanda naye mpaka Kadutu. Mama alikaa mbele, kikapu magotini. Tulisimama mara nne nyuma ya kamio, freni ya mkono ikavutwa mara nne, na gari likaondoka mara nne bila kuruka. Mama aliuliza kama hatimaye amenunua gari lingine. Saa ya kilomita ilionyesha 612 tangu siku ya kufungwa. Zimebaki 188.